Nani Kakuambia Tunaumwa Hapo?

Kuna aina ya mtu ambaye siku hizi hufika vijijini kwetu akiwa amevaa kitambulisho shingoni na kushika kishikwambi mkononi, akisema amekuja kutusikiliza. Tangu nistaafu nilianza kuwahesabu waliopita hapa Mpepai, kisha nikaacha kuhesabu. Sina ugomvi na vijana hao kwa nafsi zao. Wengi ni watoto wa walimu wenzangu, wana adabu, wanatuamkia vizuri na uji tunaowapa wanaunywa. Ugomvi wangu ni na namna ya kufikiri waliyokuja nayo, na nataka kuusema wazi katika kurasa hizi, kwa sababu hasara yake hawailipi wao. Inalipwa na mkulima wa kahawa.

Kazi yao ina jina. Maofisini wanaitwa wachambuzi wa biashara, ingawa mara nyingi hawachambui biashara ya kuuza na kununua, bali namna kazi inavyofanyika: karatasi inatoka wapi, inakwenda wapi, nani anatia saini, fedha inakwama kwa nani. Mchambuzi husimama katikati. Upande mmoja yupo mwenye shida, ambaye hajui lugha ya mafundi wa kompyuta. Upande wa pili yupo fundi, ambaye hajui shida. Bila mtu wa katikati, fundi atajenga nyumba nzuri isiyo na mlango. Basi kazi yenyewe ni ya maana, na mimi siidharau. Nadhani hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi ameifanya maisha yake yote bila kupewa jina hilo, akiwa kati ya wazazi wasiosoma waraka na ofisi ya elimu isiyosoma nyuso za wazazi.

Mjukuu wangu mmoja, aliyeajiriwa Dar es Salaam katika kazi za namna hiyo, alinieleza kwamba wana taasisi yao ya kimataifa, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2003, na wana kitabu chao kinene cha mwongozo. Toleo la 2015 la kitabu hicho limejenga taaluma nzima juu ya mambo sita: mabadiliko, hitaji, suluhisho, wadau, thamani na muktadha. Nilimwomba anisomee na kunifafanulia, akafanya hivyo jioni mbili. Nikiri kwamba nilifurahi. Aliyeyapanga mambo yale hakuwa mjinga. Hasa alipoandika hitaji mahali pake na suluhisho mahali pake, kama vitu viwili tofauti, alisema jambo ambalo nchi yetu imelilipia gharama kubwa kwa kutolijua.

Maana hapa ndipo ninapowashtaki hawa wanaokuja kwetu. Hitaji wanaliuliza, lakini suluhisho limo tayari mkobani. Wanakuja kama mganga aliyekwisha kuchemsha dawa kabla ya kumwona mgonjwa, na sasa anamzungukazunguka amtafutie mahali panapouma.

Nitatoa mfano wa hapa hapa, na taasisi iliyohusika nitaiacha bila jina.

Kila mtu wa Mbinga anajua magoma. Kwa msomaji wa mbali nieleze: magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Mwezi wa kwanza au wa pili mtu mwenye fedha anakuja kwako, anakupa shilingi kadhaa au magunia ya mahindi, na wewe unaahidi kumlipa kwa kahawa wakati wa mavuno. Bei anapanga yeye, na bei hiyo ni ya kilio. Wenzetu wa Kagera wana ugonjwa huo huo, wanauita butura. Viongozi wa serikali wamekwisha kupiga marufuku magoma mara nyingi, kwa sauti kubwa, na wamefanya vema kuchukia dhuluma. Lakini magoma hayakufa.

Basi walikuja wataalamu na mpango wa kuyaua kwa kompyuta. Kila mkulima ataandikishwa: jina lake, idadi ya miche yake, namba yake ya simu. Kahawa itapokelewa katika chama cha ushirika kwa jina la aliyeandikishwa tu, na malipo yatakwenda moja kwa moja kwenye simu au benki yake. Mlanguzi hatakuwa na jina katika daftari, kwa hiyo hataweza kuleta kahawa, kwa hiyo magoma yatakufa. Kwenye ukuta wa ofisi ya kata mambo haya yalionekana safi kabisa, kwa michoro yenye mishale na visanduku vya rangi. Tulipiga makofi.

Lililotokea lilijulikana msimu wa kwanza tu. Mlanguzi hakuhitaji kuandikwa jina. Alimwambia mkulima, peleka kahawa wewe mwenyewe kwa jina lako, na siku ya malipo tukutane kwa wakala wa simu. Siku ya malipo alikuwa amekaa pale kwenye benchi, na daftari lake la madeni pajani, akiwasubiri wadeni wake mmoja mmoja. Zamani ilimbidi abebe magunia, atafute usafiri, akwepe mgambo. Sasa kazi hiyo yote anafanyiwa na chama, naye anasubiri fedha taslimu kivulini. Nilimsikia mmoja wao akisema kwamba mpango ule ni mzuri sana.

Halafu kukawa na jambo la pili, baya zaidi kwa maoni yangu. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja na namba moja kwa kaya moja. Katika desturi ya Wamatengo, na hata sasa ambapo desturi zimelegea, kaya si mfuko mmoja. Mama ana miche yake, aliyoipanda na kuipalilia. Kijana aliyekatiwa kipande na baba yake ana miche yake. Zamani palipokuwa na wake wawili, kila mmoja alikuwa na shamba lake na ghala lake, na mwanamume hakuthubutu kuingiza mkono bila ruhusa. Fomu ilivunja yote hayo kwa nafasi ile moja. Mjane mmoja jirani yangu, ambaye hana simu, aliandikishwa kwa namba ya mtoto wa shemeji yake. Fedha iliingia Jumatano. Ijumaa kijana alikuwa Songea.

Nilisimama katika mkutano nikamwuliza mtaalamu kiongozi swali moja: kabla hamjatengeneza fomu hii, ni mkulima gani aliyewahi kuuza magoma mlikaa naye mkamwuliza kwa nini aliuza? Alijibu kwa heshima, "Mwalimu, dodoso letu lilijazwa na wakulima mia na zaidi." Nikasema sijauliza dodoso. Kwa sababu dodoso nililiona: liliuliza kama unauza magoma, ndiyo au hapana. Nani atajibu ndiyo kwa mgeni mwenye kitambulisho, wakati magoma yamepigwa marufuku?

Kama wangeuliza kwa nini, wangejibiwa na mtoto mdogo. Kahawa inavunwa kuanzia mwezi wa sita na kuendelea. Fedha yake inakuja baadaye, ikichelewa inachelewa sana. Lakini mahindi ya ghalani yanapungua kuanzia Januari, na ni Januari hiyo hiyo mtoto anapoingia kidato cha kwanza. Ada ya sekondari ilifutwa tangu 2016, tunashukuru; sare, daftari na godoro la bweni havikufutwa. Mbolea inatakiwa wakati wa mvua. Dawa ya chulebuni inatakiwa kabla ya tunda kuoza, haingoji malipo. Mgonjwa naye hangoji. Kwa hiyo mtu anauza magoma kwa sababu mwaka wake una shimo katikati, na aliyeko tayari kulifukia shimo hilo ni mlanguzi peke yake.

Na mtu angeuliza swali moja zaidi, je, shimo hili lilikuwepo siku zote? Hapo angelazimika kuzungumza na wazee. Angeambiwa kwamba palikuwa na chama kikuu cha ushirika, MBICU, ambacho pamoja na madhambi yake yote, na yalikuwepo, kilikuwa kinampa mkulima mbolea na dawa kwa mkopo na kukata deni katika kahawa yake. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi kwenye miaka ya 1990, chama kile kikaanguka, na mkopo wa pembejeo ukaanguka nacho. Mnunuzi binafsi alilipa taslimu, lakini hakuwa na haja ya kukukopesha mbolea, maana mwakani ungeweza kumwuzia mwingine. Nafasi ile iliyoachwa wazi ndiyo aliyoikalia mlanguzi. Tangu 2018 kahawa imerudishwa mikononi mwa vyama vya ushirika, lakini kurudisha mzani si kurudisha mkopo.

Sasa nisomee tena orodha ile ya Kanada. Hitaji lilikuwa mkopo nafuu wa miezi ya njaa. Suluhisho lililoletwa lilikuwa daftari la majina. Wadau walikuwa mama, kijana, mjane na mlanguzi mwenyewe. Aliyeulizwa ni baba. Muktadha ulikuwa historia ya miaka thelathini. Uliosomwa ni wa siku tatu. Thamani sijui alipata nani, labda aliyeuza vishikwambi.

Wajapani wa kiwanda cha magari cha Toyota walikuwa na mazoea ya kuuliza kwa nini mara tano mfululizo mashine inapokwama, na fundi wao mkuu Taiichi Ohno aliyasambaza mazoea hayo hata yakajulikana duniani. Wetu hawafiki hata mara ya pili. Na si kwa uvivu. Ni kwa sababu ukiuliza kwa nini mara tano unaweza kufika mahali ambapo bidhaa yako haihitajiki, na nani atalipa safari ya kwenda kugundua hivyo?

Msomaji asidhani ugonjwa huu umeletwa na kompyuta. Nilipokuwa nikifundisha historia nilikuwa nawasimulia watoto habari za karanga za Kongwa. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, wakazunguka kwa wiki 9 na kutoa mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, na jibu lilikuwa limeamuliwa. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walijua mvua ya Kongwa ni ya kubahatisha na kwamba udongo ule kiangazi unakuwa kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Udongo ukikauka namna hiyo utazing'oaje? Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban paundi milioni 36.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi watu wa milima ni wa Uluguru. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo unamomonyoka, na hilo lilikuwa kweli. Ikaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani. Udongo wa juu kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi unauzika ule wenye rutuba na kuufunua ule usio nayo. Watu walisema, hawakusikilizwa, wakalazimishwa, na mwaka 1955 zikazuka ghasia zilizogharimu maisha. Mpango ukafa hapo.

Linganisha na milima yetu wenyewe. Mmatengo alipobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, alivumbua ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana. Mwanamke anachimba katikati na kufunika nyasi zile kwa udongo, hata mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki, kila tundu likinywa maji ya mvua badala ya kuyaacha yakimbie na udongo. Mwezi wa tatu maharage, mwishoni mwa mwaka mahindi, halafu shamba linapumzika. Mwingereza A. H. Pike alipokuja kuona, aliandika mwaka 1938 namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo wao. Aliangalia kwanza kilichopo na kwa nini kipo. Sisemi alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtumishi wa ukoloni. Lakini alipokuta kazi inafanyika, aliiandika kama alivyoikuta, na hilo ni hatua ambayo vijana wetu wengi wenye shahada wanairuka.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu hilo lina ukweli, kwa hiyo nisilikwepe. Wataambiana: Mwalimu huyu anadhani mwananchi anajua kila kitu, mwulize mwananchi anataka nini, atakuambia mashine, barabara, bati. Ni kweli. Mtu akiulizwa anataka nini hutaja kitu, hataji hitaji. Hata mimi nikienda kwa daktari nataja kidonge ninachokijua. Mchambuzi anayeandika tu kila alichoambiwa naye ni karani, hana tofauti na yule mwenye jibu mkobani. Mmoja ananakili wakubwa, mwingine ananakili wadogo. Ninachodai ni kigumu kuliko vyote viwili: amsikie mtu akitaja mashine, akae naye mpaka ajue mashine ile inaondoa mzigo upi, mgongoni mwa nani, saa ngapi.

Hilo linawezekana, na lilikwisha kufanyika katika wilaya yetu. Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na watafiti wa Kijapani walifanya kazi Kindimba tangu miaka ya 1990. Walikaa. Walijifunza ngoro, wakajifunza ntambo, yaani kipande cha mlima kati ya mito ambacho ukoo ulikishika, wakajifunza sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee na kuzungumza mambo yao. Wanakijiji walipotaka kinu cha kusaga, kilijengwa kinachoendeshwa na maji ya mto, na kamati ya kukisimamia ikaitwa Sengu. Kinu cha maji kina faida ambayo cha dizeli hakina: kinamfanya msagaji aanze kuulinda msitu wa chanzo cha maji bila kuhubiriwa. Mtu aliyekuja na jibu lake asingeiona faida hiyo, kwa kuwa haikuwemo katika ombi la mtu yeyote.

Sasa niwageukie wenzangu, maana itakuwa si haki kuwachapa wageni peke yao. Sisi tunawasaidia kukosea. Mgeni akija tunavaa shati la Jumapili na kusema ndiyo. Ndiyo kwa kila kitu. Tunajua baada ya mkutano kuna posho ya kikao na soda, na tunaogopa kwamba ukipinga hutaitwa tena. Mama aliyejua kwamba miche ile ni yake alikuwepo mkutanoni siku ya fomu, amekaa upande wa akina mama, kimya, kwa sababu mumewe alikuwa ameketi mbele. Mchambuzi hodari angelijua hilo kabla ya kuitisha mkutano, angewafuata akina mama shambani au mtoni, wakiwa peke yao. Lakini nasi wazee tuliokaa mbele tulilijua, na ni wajibu wetu kulisema hata kama soda itapungua.

Jambo la mwisho ni la kalenda, na linaniudhi kuliko mengine kwa kuwa ni jepesi kurekebisha. Hawa watu wanakuja Julai na Agosti. Njia zimekauka, maharage yamevunwa, kahawa iko kwenye vichanja, watu wanajenga na kuoa. Wanatukuta siku tulizoshiba wakaandika hali yetu. Mwingereza Robert Chambers aliliandika kosa hili mwaka 1983, kwamba wataalamu hutembelea vijiji wakati wa kiangazi na hivyo hawauoni umaskini wa masika, na kitabu chake kimesomwa vyuoni tangu hapo. Magoma huwezi kuyaona Agosti. Agosti unaona deni linalipwa. Ukitaka kuona linavyozaliwa njoo Februari, mvua ikiwa inanyesha, ukae kwenye jiko la mtu mwenye watoto watano usikie wanachosema wakubwa watoto wakishalala.

Mwaka jana nilimwalika mmoja wao hivyo. Nikamwahidi kitanda, nikamwambia nitamtembeza mwenyewe kwa nyumba saba ninazozijua zilizouza kahawa yao kabla ya Pasaka, na kwamba watu watasema wakiwa na mimi. Aliniandikia jina la barua pepe yake kwenye kikaratasi. Akasema Februari gari la ofisi halipandi huku, lakini atauliza kama bajeti inaruhusu kukodi pikipiki. Februari imepita. Nyumba zile sasa ni kumi na moja.